Msichana wa Ukuta wa Larko

Oleta Stroupe tumemzika Jumanne. Gazeti la wilaya limetoa habari zake kwenye ukurasa wa ndani, juu ya tangazo la matairi, likamwita "tabasamu la Bixby Shoals", yaani la mji wetu. Picha waliyoweka si yake. Ni picha ya ukuta wa duka la dawa, ule wenye msichana wa nywele za shaba aliyeshika chupa ya soda ya Larko na kuita watu kwa kidole. Aliyeandika ni kijana ambaye hajawahi kusikia king'ora cha kiwanda maishani mwake, na hakujisumbua kuuliza majirani. Nyumba yangu na ya Oleta zimetenganishwa na kichochoro ambacho paka hukiruka bila kujitahidi. Angeniuliza mimi.

Basi naandika mwenyewe.

Sisi ni watoto wa kiwanda cha pamba. Baba zetu walishuka kutoka milimani, wakapewa nyumba za mbao za kampuni, zote zenye baraza mbele na mistari ya maharage nyuma. Sisemi hivyo kukisifu kiwanda. Baba yake Oleta alikufa akikohoa vumbi la pamba kabla binti hajavaa kiatu cha kisigino. Lakini tulikuwa na vitu vyetu. Jioni watu walikaa barazani wakaimba nyimbo za kanisani, huyu akianzia nyumba hii, yule akidakia nyumba ya tatu, na wimbo ukatembea mtaa mzima bila mtu kunyanyuka kitini. Tulikunywa maji ya kisima kwa kata moja. Tulikunywa mtindi uliopozwa chemchemini, mkate wa mahindi umevurugwa ndani yake, tukala kwa kijiko. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mtindi ni kinywaji cha wazee.

Hilo tuliambiwa na Larko.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia soda ilitangazwa kama dawa. Hutuliza tumbo, huondoa uchovu, hufaa baada ya chakula. Kwenye bango alikuwapo mzee mwenye miwani, au muuguzi. Babu yangu aliinywa akiwa amekunja uso kama anayemeza mafuta ya mbarika. Baada ya vita wazee wale wote walitoweka kwenye mabango kama waliofagiwa na tauni. Wakaja vijana. Vijana garini, vijana ufukweni, mvulana na msichana wakinywa chupa moja kwa mirija miwili, paji la uso kwa paji la uso. Hakuna kati yao aliyekuwa kazini. Hakuna aliyekuwa na mama. Chini yao yaliandikwa maneno matatu tu: "Vijana wako huku!"

Nimesoma vitabu vingi kuliko walimu walionifukuza darasani, na sijakutana na maneno matatu yenye ujanja kama hayo. Hayakusema soda ni tamu. Yalisema kuna mahali fulani, na wewe hupo. Ukitoka zamu una pamba kwenye nyusi, mgongo unauma, una miaka kumi na sita na unatembea kama baba yako, unainua macho unakuta maneno yale. Ungefanya nini? Ulinunua chupa. Jumamosi mchana sinema iliwaingiza watoto bure kwa kiganja kimoja cha vizibo vya Larko, na wadogo zetu wakawa wanavifukua kwenye mitaro kama kuku.

Na ndani ya kiwanda kulikuwa na mkokoteni. Hatukuwa na mapumziko ya chakula, maana mitambo haikusimama. Msichana mmoja alisukuma mkokoteni wa soda katikati ya mitambo, nasi tukachukua chupa na pakiti ya karanga, tukazimimina karanga ndani ya chupa ili mkono mmoja ubaki kwenye kazi. Ulikunywa na kutafuna huku macho yako yakiwa kwenye nyuzi. Ndicho kilichokuwa chakula cha mchana. Mama zetu wakaacha kutufungia maharage.

Mwaka wa hamsini na moja Garland Pruitt, mwenye kiwanda kidogo cha kujaza Larko chupani pale mjini, alikuja getini wakati wa kubadilishana zamu. Alipanda nyuma ya gari lake la mizigo, akatukagua tukitoka. Kidole chake kikamwangukia Oleta, ambaye alikuwa ameanza kusokota nyuzi mwaka uleule.

"We binti wa nywele za shaba. Hebu cheka."

"Nicheke nini? Hujasema kichekesho," Oleta akajibu.

Wenzake wakaangua kicheko, na yeye naye akacheka. Nilikuwa nyuma yake. Watu waligeuka. Oleta alikuwa na meno meupe, mapana, yaliyopangana vizuri kuliko ya mtu yeyote mtaani kwetu, na alipocheka uso wote ulifuata. Pruitt alishuka garini, akamwangalia mdomoni kama mtu anayenunua nyumbu.

"Hayo yote ni yako?"

"Ulitaka niazime ya nani?"

"Mwangalie na kwato basi, mzee!" mtu akapiga kelele, na geti zima likacheka tena.

Jioni ile Pruitt alikuja kwa mama yake Oleta, Bi Dovie, mfumaji, mwanamke mkavu asiyepoteza neno. Walikaa barazani, nami nilikuwa barazani kwetu, na kwenye mtaa ule kikohozi cha nyumba moja kilijibiwa "pole" na nyumba nne.

"Nataka kumchora ukutani, Bi Dovie," Pruitt alisema. "Ukuta mzima wa duka la dawa, unaotazamana na geti. Watu wananunua kwa mtu wanayemjua. Na masika ya mwaka unaofuata wakubwa wa kampuni, wale wa Richmond, watapita kwenye miji yote kuchagua msichana mmoja wa kalenda ya nchi nzima. Huyo wanamhamishia kwao. Shule, nguo, picha, kila kitu."

"Na yeye anatakiwa afanye nini?"

"Anywe Larko. Ndiyo kazi yenyewe! Asionekane bila chupa. Kreti nitaleta mwenyewe hapa kila wiki. Na nimeshaongea na meneja, aache kusokota, asukume mkokoteni."

"Baba yake alitoka humo kwenye jeneza," Bi Dovie akasema. "Huyu nataka atoke kwa miguu yake."

Hapo ndipo jambo lote lilipoamuliwa. Kalenda kwao ilikuwa mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa mdomoni mwa mtoto.

Mchoraji alifanya kazi wiki nzima juu ya ngazi. Tulipotoka zamu tulimkuta ameongeza bega, ameongeza shingo. Siku alipotia meno watu walisimama barabarani. Msichana yule alikuwa mrefu kuliko duka, anaita kwa kidole, "Vijana wako huku!", na sisi tunaotoka kiwandani tulikuwa tunamwendea uso kwa uso. Wavulana walimpungia mkono. Sioni haja ya kuficha kwamba nami nilimpungia.

Mauzo ya Pruitt yalipanda, na Oleta akatimiza masharti yake kwa uaminifu wa mtoto wa kanisani. Larko asubuhi na biskuti. Larko akisukuma mkokoteni, kidogo kidogo, zamu nzima, maana chupa isiyo na kitu haitangazi. Larko kwenye ngazi za kanisa. Wasichana wengine walimwiga. Walishika chupa shingoni kama yeye, kwa vidole viwili. Mtindi ukachachuka chemchemini. Siku moja niliwasikia wakimcheka binti mmoja aliyekuja mpirani na maji kwenye chupa ya mtindi.

"Wee, umeleta maziwa ya bibi? Kanywee huko kwa wazee!"

Huyo binti hakuja tena bila Larko.

Wakubwa wa Richmond waliahirisha mwaka ule. Wakasema mwakani, mwezi wa Julai. Oleta akaendelea kunywa. Meno yakaanza kulika kwenye fizi, kwanza mstari wa kahawia, halafu vishimo. Wasichana wa mkokoteni walikuwa na mbinu yao: ulichukua nta ya mshumaa, ukaiviringisha kwa vidole, ukaziba shimo, ukalainisha kwa ulimi. Kwa mbali huoni kitu. Lakini chumba cha kufumia kilikuwa na joto la mvuke mwaka mzima, na siku moja nilimwona akigeukia dirishani kwa haraka, akitema nta kiganjani.

"Usiseme, Hoyt," aliniambia.

"Mimi nina nini cha kusema?"

"Mama akijua ataning'oa."

Sasa hili lazima lieleweke, maana vijana wa leo wakilisikia hudhani tulikuwa washenzi. Kwetu, msichana akikaribia kuolewa na meno yameanza kuoza, alipelekwa kung'olewa yote ya juu, mara nyingine na ya chini, akatengenezewa ya bandia. Ilikuwa zawadi ya nyumbani, kama wengine wanavyotoa sanduku la shuka. Bwana harusi alipata mke asiyelia usiku kwa jino. Bi Dovie mwenyewe alifanyiwa hivyo akiwa na miaka kumi na minane, na alisema ndiyo siku mateso yake yalipokwisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndiyo maana bado nashindwa pa kuielekeza hasira yangu.

Mama yake akajua, bila shaka. Mapema Aprili niliwasikia jikoni kwao.

"Fungua. Fungua nione. Ee Mungu wangu, Oleta!"

"Si mabovu yote, mama. Ni ya mbele tu."

"Ya mbele ndiyo wanayokuja kuyaona! Kesho kwa Daktari Yount. Mpaka Julai fizi zitakuwa zimekauka, utavaa mapya yanayong'aa kama sahani."

"Lakini Richmond si wana madaktari wao? Tungewaambia—"

"Tuwaambie nini? Kwamba tunawaletea mtoto mbovu watutengenezee? Huendi kwa watu ukiwa umebomoka, mwanangu. Unajitengeneza kwanza, ndipo unagonga mlango."

Kwa maneno hayo ungeweza kuwajua watu wetu wote. Tulikopeshana chumvi na tulichimbiana makaburi, lakini kumwomba mtu wa mjini atusaidie kitu tulichoweza kuking'oa wenyewe, hapana.

Chumba cha Daktari Yount kilikuwa ghorofani, juu ya duka la kinyozi. Nilikwenda kumsaidia Oleta kushuka ngazi baada ya kung'olewa. Alikuwa ameuma taulo, macho yamekauka. Njiani tulipita mbele ya ukuta. Hakuinua kichwa.

Wakubwa wa Richmond hawakungoja Julai. Kalenda ilitakiwa mapema, wakaja katikati ya Mei, bila taarifa, na gari la rangi ya limau. Aliyeshuka na Pruitt aliitwa Bwana Ashmead, kijana wa suti ya mistari. Oleta alikuwa anaanika nguo mbele ya nyumba. Alipowaona akaweka kiganja mdomoni.

"Ndiye huyu?" Ashmead aliuliza. "Yule wa ukutani?"

"Ndiye mwenyewe," Pruitt akasema. "Oleta, hebu mpe bwana lile tabasamu."

Oleta akatikisa kichwa.

"Ana haya tu," Pruitt akasema.

Bi Dovie akatoka ndani akijifuta mikono kwenye aproni. "Meno yake yanatengenezwa, bwana. Mapya kabisa. Julai yatakuwa tayari, tulijua mnakuja Julai."

"Yanatengenezwa vipi?"

"Tumetoa mabovu."

"Mangapi?"

"Ya juu yote."

Ashmead akavua kofia. Haikuwa heshima, lilikuwa joto. "Mama, nani aliwaambia mfanye hivyo?"

"Yalikuwa na mashimo."

"Kwani si wote wana mashimo? Wasichana wote niliowaona njiani huko, hakuna hata mmoja mwenye meno mazima. Wanakunywa hii kitu mchana kutwa, mlitegemea nini? Meno anatia mchoraji, mama. Ni kopo la rangi nyeupe tu."

Nguo zilikuwa zinapigwa na upepo kwenye kamba. Bi Dovie alishika nguzo ya baraza.

"Basi," alisema polepole, "na huyu mchoraji amtie."

"Meno atatia. Na mashavu?" Ashmead alimkaribia Oleta, akamtazama kutoka huku na huku. Bila meno ya juu uso ulikuwa umeingia ndani, mdomo umekunjika kama mfuko uliovutwa uzi. "Mimi natafuta kijana. Huyu anaonekana ni mama wa mtu."

Oleta akaondoa kiganja. "Nina miaka kumi na saba," alisema. Maneno yalitoka na upepo mwingi, na Ashmead akaangalia kofia yake.

Waliondoka. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kreti, Pruitt aliishusha garini kama kawaida, akaiacha kwenye ngazi.

Meno ya bandia yalifika Julai, kama Yount alivyoahidi, na yalikuwa mazuri kweli. Bi Dovie aliyasugua kwa magadi kila jioni mpaka Oleta alipomwambia aache. Hawakugombana, walichoacha ni kuzungumza wakati wa kula. Mkokoteni alipewa binti mwingine mwenye meno yake, na Oleta akaingizwa chumba cha kufumia, kwenye mtambo ulio mkabala na wa mama yake. Ukuta haukuguswa. Pruitt alisema rangi ilikuwa bado nzuri.

Alifanya kazi humo zaidi ya miaka thelathini na alitoka kila siku kupitia geti lile, akielekea uso ule. Hebu fikirini. Sisi wengine huzeeka kidogo kidogo na hatuna cha kujilinganisha nacho. Watoto walimfuata njiani. "Bibi, eti yule ni wewe? Mbona yeye mzuri?" Aliolewa na Clell Hovis, mtu wa ghala, ambaye kabla ya kumjua alikuwa akiupigia ukuta mluzi. Clell hakuwa mbaya akiwa hajanywa. Akiwa amekunywa sauti yake ilipita kichochoroni ikafika kwangu: "Mimi nilimwoa yule wa ukutani! Wewe nani?" Naye Oleta alijibu, "Basi kalale naye, ngazi iko nyuma ya nyumba." Clell alikufa mapafu yamejaa pamba. Hawakupata mtoto.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mitambo ikapakiwa kwenye malori ikauzwa ng'ambo. Larko ikanunuliwa na kampuni kubwa kuliko yenyewe na jina likafa. Baraza zikazibwa kwa wavu na watu wakahamia ndani, kila nyumba na televisheni yake, na ndani ya televisheni vijana walewale, ufuko uleule. Ukiimba leo barazani mtu atapiga simu polisi. Mvua ikamfuta yule msichana mpaka kikabaki kidole na kivuli cha mdomo, na nilidhani Oleta atapumzika.

Miaka miwili iliyopita akaja Kelsey, msichana wa kamati ya kuhifadhi mji, ana heshima, ana tabuleti mkononi. Nilikuwa kwa Oleta nikirekebisha bomba la sinki.

"Bi Oleta, tumepata ufadhili! Tunamrudisha vilevile alivyokuwa. Watu watakuja kutoka mbali kupiga naye picha."

"Mfungeni mdomo," Oleta alisema.

"Samahani?"

"Huyo wa ukutani. Mchoraji akifika hapo, amfunge. Atie midomo tu, basi."

Kelsey akacheka, akadhani ni utani wa wazee. "Jamani, Bi Oleta! Tabasamu ndiyo ukuta wenyewe. Sisi tunahifadhi historia, hatuwezi kuibadilisha."

"Sijakuomba kingine," Oleta akasema. "Nywele chora. Kidole chora. Ni hilo tu."

Nilitoka chini ya sinki nikamweleza yule binti mambo yote, kuanzia nta mpaka kofia ya Ashmead. Alisikiliza, machozi yakamlengalenga, akaandika kitu kwenye kile kidude chake. Nikaamini tumeelewana. Wiki iliyofuata mchoraji alipanda ngazi, na kitu cha kwanza alichotia yalikuwa meno, kwa sababu, alisema, ndiyo yanayoonekana kutoka barabara kuu.

Siku ya kuufungua ukuta nilimpeleka kwa gari. Viti vya plastiki, bendi, meya. Juu yetu maneno mekundu, mapya: "Vijana wako huku!" na chini yake vichwa vyote vya mvi. Vijana wa Bixby Shoals wako mjini Charlotte, wamekwenda kutafuta kazi. Kampuni moja ilikuwa imetengeneza Larko kwa ajili ya siku ile tu, kwa chupa za kioo zilezile, na mtu akamletea Oleta chupa yenye karanga ndani tayari, ili ifanane na zamani.

"Toa karanga, mpe mwenye meno," alisema. Wakamletea nyingine.

Mpiga picha akamsimamisha chini ya yule msichana wa ukutani. "Tabasamu, Bi Oleta!" Kiganja chake kikapanda mdomoni chenyewe, kama kilivyopanda siku ya gari la limau. "Mkono chini, bibi! Tunataka kuona lile tabasamu!" Watu wakapiga makofi kumtia moyo. Alisimama hivyo kidogo, kisha akageuka, akawapa mgongo, akautazama ukuta. Wakampiga picha ya mgongo. Nilimsikia meya akisema inagusa moyo.

Nilimrudisha kwenye gari. Chupa ilikuwa bado mkononi, ameishika shingoni kwa vidole viwili. Akainywa.

"Unakunywa hiyo?" nikauliza.

"Nimesimama juani saa nzima, Hoyt. Nina kiu." Akanywa tena, akaitazama chupa kama mtu aliyemtambua mwizi wake kwenye umati. "Tamu ileile," akasema.

Akaimaliza yote.